Maksai wa maonyesho anajaa gesi kila jioni: ni chakula, mapafu au ukoo?

Kamba Nyekundu (mleta uzi)
Salaam wakuu. Nina maksai wa nyama wa miezi 14, namwandaa kwa maonyesho. Akishakula nafaka ya jioni haichukui muda, kile kishimo cha nyuma ya ubavu wa mwisho upande wa kushoto kinajaa na kupanda mpaka usawa wa mgongo. Mara nyingi hushuka chenyewe kabla ya alfajiri. Kuna siku anazidiwa, anahema mdomo wazi na kujipiga tumbo kwa mguu wa nyuma, hapo napitisha mpira kooni anapata nafuu. Asubuhi anakula vizuri, kinyesi kizuri, manyoya yanang'aa, hana homa.

Chakula chake ni shayiri na mahindi, vyote vimesagwa, na mashudu, na majani makavu ya lusini (majani ya mifugo ya jamii ya kunde) juu yake. Hei, yaani nyasi kavu, nampa kidogo sana kwa sababu sitaki tumbo lining'inie siku ya kuingia uwanjani.

Msimamo wangu ni kwamba hili ni la ukoo. Mama yake alikuwa anajaa hivi hivi, na ndugu yake mmoja pia. Naona hakuna chakula kitakachomponya, kilichobaki ni kumlea afike maonyesho akiwa hai. Wenye uzoefu nipingeni au niungeni mkono.

Mzee wa Zizi
Kabla ya kufika kwenye ukoo: ukipitisha mpira, kinatoka nini? Hewa inavuma na tumbo linashuka mbele ya macho yako, au mpira unaziba kwa povu na tumbo linabaki palepale? Hayo ni magonjwa mawili yaliyovaa kanzu moja. Kwenye povu, gesi imenaswa ndani ya vipovu vidogo vilivyochanganyika na chakula, ng'ombe hana namna ya kuipigia mbweu. Kwenye gesi tupu, gesi imekaa juu ya chakula kama inavyotakiwa, ila njia ya kutokea ina kasoro, au tumbo lenyewe halisukumi. Dawa ya huyu haimsaidii yule. Nimeona watu wakimmiminia ng'ombe dawa ya povu siku nenda siku rudi kumbe ugonjwa uko kifuani.

Chapa Mbavu
Mkuu usiteseke, chukua trokari, kile chuma chenye ncha na mrija wake, toboa ubavu, gesi itoke, maisha yaendelee. Wazee wamefanya hivyo miaka yote.

Dkt wa Kwato
@Chapa Mbavu, hapana. Trokari ni ya saa ya kufa na kupona: mnyama anayumba au ameshaanguka, na mpira haupo au umegoma kupita. Kila ukitoboa, majimaji ya rumeni (tumbo la kwanza) yanaweza kuvujia kwenye uwazi wa tumbo na kuleta uambukizo mbaya kuliko gesi yenyewe. Na trokari nyembamba haitoi povu, inaziba. Maksai anayejaa kila jioni hawezi kutobolewa kila jioni.

Mleta uzi, nijibu haya. Aliwahi kuugua nimonia akiwa ndama? Siku asipopata nafaka anajaa pia? Mpira unapita laini au kuna mahali unabanwa? Na ukisimama nyuma yake, amejaa juu kushoto peke yake, au na kulia chini kumetuna?

Mama Mitamba
Jibu liko kwenye maelezo yako mwenyewe, ndugu yangu. Shayiri iliyosagwa, mahindi yaliyosagwa, lusini, hei kidogo. Ukitaka kumjaza ng'ombe gesi makusudi ungemwandikia chakula hicho hicho.

Shayiri inachacha upesi kuliko mahindi. Ukiisaga laini, bakteria wanaishambulia yote kwa mara moja, tumbo linakuwa chachu, na baadhi yao wanatoa ute unaoshika gesi. Majani ya lusini yana protini inayoyeyuka haraka na kutengeneza povu. Halafu hei, ambayo ndiyo ingemfanya atafune, acheue na kutoa mate, umemnyima. Ng'ombe mzima anamwaga mate lita 100 na zaidi kwa siku, na mate hayo ndiyo yanayopunguza ukali wa tumbo. Asipotafuna, mate yanatoka wapi?

Nilikuwa na mtamba wa aina hii hii. Niliacha kusaga, nikawa navunja nafaka vipande vikubwa. Hei ya nyasi ndefu ilitangulia, nafaka ikafuata. Mgao mmoja wa jioni niliugawa mara tatu. Lusini nikaitoa kabisa. Aliacha kujaa, akaenda maonyesho, na tumbo lake lilikuwa zuri tu.

Kijana wa Hatamu
Nafuatilia hapa. Wa kwangu naye kaanza.

Kamba Nyekundu
Asanteni. Mzee, kinachotoka ni hewa, inavuma kweli na tumbo linashuka papo hapo. Povu huliona mara chache, kidogo mwishoni mwa mpira. Dokta: mpira unaingia, ila kabla haujafika tumboni kuna mahali kifuani nahisi unabanwa kidogo, halafu unapita. Alikohoa sana alipoachishwa kunyonya, akachomwa dawa, akapona. Kulia hakujatuna. Alipokuwa malishoni hakuwahi kujaa, au angalau sikuwahi kumwona.

Mama Mitamba nimekusoma. Ila ndugu zake wengine wanakula chakula hicho hicho kwenye banda hilo hilo na hawajai. Hapo ndipo hoja yangu ya ukoo inaposimama.

Dkt wa Kwato
Hiyo "kubanwa kidogo" na hicho kikohozi cha kuachishwa ziwa vinanivuta mimi kwenye mapafu. Katikati ya mapafu mawili kuna tezi za limfu, na umio unapita jirani nazo. Ndama akipata nimonia tezi zile huvimba, na nyingine hubaki zimevimba muda mrefu baada ya kikohozi kuisha. Zinaweza kubana umio, zinaweza kusumbua neva ya vagasi inayoamrisha rumeni isukume na mlango wa juu ufunguke. Matokeo yake ni mnyama anayeonekana mzima, anakula, lakini hawezi kutoa gesi yote anayotengeneza. Akila nyasi gesi inakuja polepole, anaimudu. Akila nafaka inakuja kwa kishindo, inamshinda. Ng'ombe mkubwa akishakula anaweza kutengeneza lita 30 hadi 50 za gesi kwa saa. Njia ikipungua nusu, hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu zake kula chakula kile kile bila kujaa hakuthibitishi ukoo. Kunathibitisha tu kwamba yeye ana kitu ambacho wao hawana.

Mbegu Safi
Mimi nasimama na mleta uzi. Mnalikimbia suala la damu upesi mno. Watafiti wa Nyuzilandi walichagua ng'ombe kwa miaka mingi, kundi moja la wanaojaa kwa urahisi na kundi jingine la wasiojaa, na makundi yale yakaachana kweli. Kuna kitu kinarithiwa, na sehemu yake inaonekana kwenye mate.

Watu wa maonyesho tuna somo letu wenyewe. Marekani, miaka ya 1940 na 1950, mtindo ulikuwa ng'ombe mfupi, mnene, miguu mifupi. Majaji waliwapenda, wafugaji wakawafuata majaji. Kumbe wengi kati ya fahali wale walibeba jeni ya udumavu. Ndama aliyeipata kutoka kwa baba na mama alizaliwa mbilikimo, paji la uso limetokeza, anakoroma akihema, na tumbo linajaa gesi mara kwa mara. Koo za Hereford na Angus, aina za ng'ombe wa nyama, ziliumia sana mpaka wafugaji walipoanza kuchunguza vizazi na kuacha damu zilizobeba jeni ile. Mtu asiniambie damu haina neno hapa.

Soma Kwanza
Mkuu Mbegu Safi, historia yako ni sahihi ila unaifunga kwenye mti usio wake. Ng'ombe wale wa Nyuzilandi walipimwa kwenye malisho ya klova mbichi, jani la jamii ya kunde kama lusini, yaani walichaguliwa kwa kujaa povu. Huyu anatoa hewa. Na mbilikimo wale walionekana kwa macho tangu wakiwa wadogo. Mleta uzi, maksai wako ni mfupi kuliko wenzake?

Kamba Nyekundu
Hapana, ni mrefu wa kawaida. Kichwa cha kawaida.

Mbegu Safi
Sikusema ni mbilikimo. Nimesema kujaa gesi kunaweza kurithiwa. Umbo la kifua linarithiwa, mate yanarithiwa, hata pupa ya kula inarithiwa. Mama yake alijaa, ndugu yake alijaa. Hayo mnayaweka wapi?

Mama Mitamba
Tunayaweka kwenye ndoo, mkuu 😄 Mama yake na ndugu yake walilishwa na mkono ule ule, nafaka iliyosagwa vile vile.

Mbegu Safi
Na wasiojaa je, nao walilishwa na mkono upi? Nasubiri jibu la hilo.

Zamu ya Usiku
Nimesoma wote, hakuna aliyeuliza anafungwaje. Ng'ombe wa maonyesho si ng'ombe wa malishoni. Anakula, anapelekwa kwenye kizimba cha kuchana manyoya, kichwa kimefungwa juu na kamba fupi. Akitoka hapo anafungwa usiku kamba fupi tena ili asijichafue. Wengine wanalala vibaya kwa sababu ya kamba, ubavu umelala chini badala ya kukaa kifua chini. Rumeni ikikaa vibaya, majimaji yanafunika mlango wa umio na gesi inabaki upande mwingine. Hata akitaka kupiga mbweu hawezi. Ndiyo maana ng'ombe aliyelala ubavu kwa muda mrefu, hata kama hana ugonjwa mwingine, anaweza kufa kwa gesi.

Kuna mtamba niliyekuwa namlinda, alikuwa anajaa bandani na hajai akiwa nje. Tulihangaika na chakula weee. Siku moja nikaangalia sakafu: inateremka kuelekea kwenye kihori. Miguu ya mbele iko chini, ya nyuma iko juu. Tukajaza matandiko mbele mpaka kifua kikapanda juu ya kiuno, na kamba tukairefusha kiasi cha kumwezesha kukaa vizuri. Tatizo lilipungua sana. Chakula hatukukigusa.

Mzee wa Zizi
Hilo la kuinua mbele ni la kweli na la zamani. Mnyama akianza kujaa, la kwanza ni kumsimamisha na kumtembeza kupanda mlima, kamwe si kushuka. Na kijiti kinene kinachowekwa mdomoni kwa kukingama, kikafungwa nyuma ya masikio, humfanya atafune na kumeza mate, mara nyingine mbweu hutoka. Hakiponyi chanzo, ila kinanunua muda wakati mpira unatafutwa.

Kijana wa Hatamu
Shikamoo mzee. Swali: bikaboneti ya soda inasaidia? Wa kwangu nimeambiwa nimnyweshe akishajaa.

Mzee wa Zizi
Marahaba. Hilo waachie wenye dawa zao.

Dkt wa Kwato
Akishajaa, usimnyweshe. Bikaboneti ikikutana na tumbo chachu inatoa kaboni dayoksaidi, yaani unamwongezea gesi mnyama ambaye tayari gesi imemshinda. Ikichanganywa kidogo kidogo kwenye chakula cha kila siku ni habari nyingine, inasaidia tumbo lisiwe chachu.

Mama Mitamba
Mimi huwawekea pembeni kwenye kihori chake, kila mmoja analamba anavyotaka. Anayeilamba kupita kiasi ananiambia mwenyewe kwamba tumbo lake haliko sawa. Naichukua kama ishara kuliko dawa.

Chapa Mbavu
Basi sawa, trokari mmeikataa. Mafuta ya taa je? Kikombe kimoja, povu linakatika.

Soma Kwanza
Chapa Mbavu, unampenda kweli ng'ombe wewe? 😄 Mafuta ya taa yanachoma utumbo, yakipotea njia kwenda mapafuni yanaua, na nyama inabaki na harufu. Ya mimea yapo, mililita 250 hadi 500, yanavunja povu vizuri tu. Kwa povu, narudia. Kwa gesi tupu hayana kazi. Hata poloksaleni, dawa maarufu ya povu la majani ya jamii ya kunde, haina kazi kwa gesi tupu.

Dkt wa Kwato
Naongeza kwa msisitizo: mafuta yapitishwe kwa mpira. Ukimnywesha kwa chupa ng'ombe anayehema kwa shida, kichwa umekiinua juu na ulimi umeushika, nusu inaingia mapafuni. Anapona gesi anakufa nimonia ya mafuta. Na huo mpira, hakikisha uko tumboni kabla hujamimina chochote. Nusa, lazima unuse harufu ya chachu. Sikiliza, mwenzako apulize ncha ya nje ya mpira huku wewe umeweka sikio kwenye ubavu wa kushoto, utasikia inabubujika. Kama ng'ombe anakohoa na hewa inaingia na kutoka kwa mwendo wa pumzi zake, uko kwenye koromeo la hewa, toa. Tumia mpira mpana, kipenyo sentimita 2 hivi, wenye ncha butu, na kifaa cha kushikilia mdomo ili asiukate. Mpira mwembamba wa ndama unaziba haraka na kukudanganya kwamba ni povu wakati si povu.

Kamba Nyekundu
Wangu ni mpana na nina kifaa cha mdomo. Hilo la kubanwa kifuani linanipa mawazo tangu jana.

Mzee wa Zizi
Usisahau chuma. Ng'ombe hachambui chakula kwa ulimi, anakokota na kumeza. Kipande cha waya au msumari kinashuka tumbo la pili, kinatoboa ukuta wake, na pale jirani ndipo inapopita ile neva aliyoitaja daktari. Gesi ya kurudi rudi inaweza kuwa dalili pekee. Mbane mgongo juu ya mabega: mzima hubonyea chini, mwenye maumivu mbele ya tumbo hukataa, wengine huguna. Mimi kila mnyama wangu wa maonyesho anamezeshwa sumaku mapema. Inakaa tumbo la pili maisha yake yote, inashika chuma kisitembee.

Soma Kwanza
Mzee, sumaku haishiki shaba wala alumini, wala haitoi waya uliokwisha kuchoma ukuta na kutokeza upande wa pili. Kama kinga nakubali. Kama tiba, inategemea umechelewa kiasi gani.

Mzee wa Zizi
Ndiyo maana nimesema mapema.

Farasi na Ng'ombe
Habari zenu. Kuna hii monensini inayochanganywa kwenye chakula cha kunenepesha, inabadilisha bakteria wa tumboni na kupunguza gesi. Mbona hamuigusi?

Soma Kwanza
Inasaidia kwa wengi wanaolishwa nafaka, na inapunguza pupa, mnyama anakula kidogo kidogo. Ila kwa jina lako hilo, mkuu, soma hapa mara mbili: monensini ni sumu ya farasi, kiasi kidogo tu kinaharibu moyo wake na kumuua. Banda lenye farasi na maksai, ndoo zinazochangiwa, koleo moja la chakula, hapo ni hatari. Hata kwa ng'ombe, kipimo kikizidi kinaua. Ichanganywe na wenye mizani, na lebo ifuatwe.

Farasi na Ng'ombe
Nimekuelewa. Ndoo zangu zinatenganishwa leo.

Ubavu Wazi
Nimekuwa msomaji tu humu, leo naandika kwa sababu hakuna aliyeitaja njia ya upasuaji. Maksai wangu alikuwa hivi hivi, gesi tupu, historia ya nimonia. Tulibadilisha kila kitu kwenye chakula, akapungua lakini hakuacha. Daktari akamfungulia tundu dogo ubavuni kushoto, akashona ukuta wa rumeni na ngozi pamoja, gesi ikawa inatoka yenyewe. Hii si trokari ya kuchoma, hapa tumbo limeshonwa na ngozi hivyo hakuna kinachovujia ndani. Alinenepa kama hakuwahi kuumwa. Baada ya muda tundu likaanza kujifunga lenyewe, na lilipojifunga hakurudi kujaa. Daktari alisema inawezekana tezi zilikuwa zimeshashuka.

Tatizo ni maonyesho. Wenye maonyesho wengine hawapokei mnyama mwenye kidonda kilicho wazi, na kovu lile jaji analiona na mkono wake unalishika. Tulimpeleka sokoni kwa nyama, hakuingia uwanjani.

Dkt wa Kwato
Asante kwa kisa hiki. Kuna pia trokari ya plastiki yenye hesi kama skrubu, inazungushwa ubavuni na kuachwa wiki kadhaa. Inafanya kazi ileile kwa muda, japo hatari ya uambukizo ni kubwa kuliko ya tundu lililoshonwa.

Mbegu Safi
Na je, mnyama aliyefunguliwa tundu akawa bingwa, kama ni mtamba au fahali si maksai, mtamzalisha? Hapo ndipo mimi naumia. Maksai hafanyi kitu. Lakini tunaficha matatizo ya kurithi kwa mpira na upasuaji, halafu tunauza mbegu.

Mama Mitamba
Kwa hilo tuko pamoja kabisa. Mtamba anayejaa bila sababu inayojulikana simzalishi, hata awe mzuri kiasi gani.

Kijana wa Hatamu
Wakuu, kuhusu tumbo lisining'inie. Nimeona watu wakimnyima ng'ombe maji na hei, halafu saa chache kabla ya kuingia wanamjaza maji kwa mpira ili mbavu zitokeze. Hiyo si ndiyo inawaletea haya?

Zamu ya Usiku
Umefungua jeraha. Hicho kitendo ni cha kikatili na maonyesho mengi yanakikataza waziwazi. Ng'ombe aliyenyimwa maji anakula kwa pupa akiachiwa, tumbo lililozoea mwendo fulani linavurugika, na mpira wa haraka haraka mikononi mwa mtu mwenye wasiwasi unaishia mapafuni. Nimewaona wakianguka bandani, na anayelia pale ni mtoto aliyemfuga.

Soma Kwanza
Na jaji mzuri anajua tofauti ya mnyama aliyejengeka na mnyama aliyejazwa. Upande wa kushoto unaopanda peke yake unaonekana ukiwa hata mbali.

Chapa Mbavu
Hapa nakubaliana na wote. Kujaza maji ni dhambi.

Mama Mitamba
Leo Chapa Mbavu kaongea! Tunza kumbukumbu wakuu.

Kamba Nyekundu, tumbo zuri halitokani na kukosa hei. Majani yasipungue asilimia 10 hadi 15 ya chakula chote, hata kwa anayenenepeshwa, na yasikatwe kuwa vumbi. Tumbo linaloning'inia kwa hei nyingi mbovu ni kitu kingine kabisa na hei nzuri ya kiasi.

Dkt wa Kwato
Jambo jingine kabla hujaendelea. Maksai huyu mwisho wake ni nyama. Chochote unachompa, antibayotiki, dawa ya maumivu, dawa ya povu, kina muda wake wa kusubiri kabla ya kuchinjwa, na maonyesho yanaweza kupima mkojo au damu. Andika kila dawa na tarehe yake.

Kamba Nyekundu
Mrejesho wakuu. Nafaka sasa inavunjwa, haisagwi, na shayiri nimeipunguza nikaongeza mahindi. Lusini imetoka. Hei inatangulia, mgao wa jioni umegawanywa. Matandiko yamepanda mbele, kamba imerefuka. Daktari wetu wa mifugo amekuja, kamsikiliza kifua, anasema chini mbele upande wa kulia pumzi ina mkwaruzo. Mgongo amembana, hakuguna. Sumaku kamezeshwa hata hivyo.

Matokeo: anajaa bado, ila siku chache kwa wiki, na hapandi tena mpaka usawa wa mgongo. Mpira sijaugusa tangu nibadilishe.

Mama Mitamba
Hei hiyo!

Zamu ya Usiku
Matandiko hayo!

Dkt wa Kwato
Mkwaruzo huo.

Soma Kwanza
Mmebadilisha mambo mengi kwa pamoja, kila mtu anachukua ushindi wake. Ingefaa kurudisha kimoja kimoja ijulikane ni kipi.

Kamba Nyekundu
Maonyesho yako karibu, mkuu, na mnyama alikuwa anateseka. Sikuwa tayari kumrudisha kwenye mateso nipate jibu. Na bado hamjaniambia kwa nini mama yake alikuwa hivi.

Mbegu Safi
Ndiyo swali ambalo uzi huu mzima umelizunguka.

Ubavu Wazi
Kama anajaa bado, safari ndiyo itakayompima. Garini wanasimama muda mrefu, wanakosa maji, wakishuka wanavamia chakula. Mpe hei kabla ya kupakia, mwache apumzike anywe maji kwanza akifika, nafaka isubiri mpaka umwone anacheua. Beba hei yako ya nyumbani, na maji kama anakataa mageni. Mpira na kifaa cha mdomo viwe kwenye sanduku la brashi, si nyumbani.

Zamu ya Usiku
Na ukifika angalia sakafu ya banda kabla hujamfunga.

Ndama Watatu
Wakuu samahani naingilia. Wangu ni ndama wa maziwa, anavimba saa moja baada ya chupa, ila ni upande wa kulia, na amelegea. Nimpitishie mpira pia?

Dkt wa Kwato
Kulia na kulegea ni tumbo la nne, si rumeni. Hilo halifanani na tunayoyajadili hapa na linaua kwa saa chache. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, uzi wako fungua baadaye.